Nguzo Zilizotoka Kando ya Uwanja wa Ndege

Kilwa Masoko, Alhamisi, 1974

Hasira bado ninayo kidogo, lakini shukrani imezidi. Asubuhi afisa wa uwanja wa ndege alipima, akakuta nyumba ninayomjengea mama imeingia ndani ya mpaka.

"Ndege hupita chini hapa, dada. Hairuhusiwi kujenga."

Nililia mbele yake. Mama haoni, na njia ya kisimani kutoka pale nilishamzoeza tangu tulipoanza kujenga.

Alhamdulillahi, hatukuwa tumeezeka. Balozi wetu wa nyumba kumi alinitafutia kiwanja kingine, na majirani wakaja kung'oa nguzo. Afisa naye akavua shati, akabeba.

Alasiri nilimshika mama mkono tukaenda kisimani kwa njia mpya.

"Huku kuna kivuli, mwanangu," alisema. "Kesho nitakwenda peke yangu."

Naogopa, ila nimemkubalia.