Jioni Yetu Visiwani

Gongoni, Tabora
Alhamisi, 19 Julai 1973

Kwa Dada yangu mpenzi Sikuzani,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii itawakuta mna afya njema, wewe na shemeji Lugembe na mwanetu Yahaya, pamoja na ng'ombe wenu wote, hata yule mwekundu uliyeniandikia kwamba humpiga teke kila anayemkamua. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwezi huu ni kali, Baba anakohoa asubuhi, lakini ikifika saa nne kikohozi kimeisha na anagonga mabati yake mpaka mtaa mzima unajua fundi Mussa yuko kazini. Mimi bado niko kwenye ushirika wa kushona. Wiki hii ni kaptura za shule tu, nimezishona mpaka naziota.

Dada, nina mengi. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu, kwa sababu habari zinanitoka kwa pupa, na ndani yake limo jambo moja ambalo naogopa kuliandika. Tafadhali usiruke mistari kulitafuta. Ni miaka minne sasa tangu uondoke na shemeji kabla Baba hajatoa jibu la posa, na kwa miaka yote hiyo wewe na Baba hamjaonana. Mmekutana kwenye karatasi tu, na kila karatasi imepita mikononi mwangu. Baba msahafu anausoma vizuri, lakini herufi za shule hakuwahi kufundishwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea barua zako na mimi ndiye niliyekuandikia majibu yake. Naomba ulikumbuke hilo unaponisoma.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumamosi. Unamkumbuka Bwana Mabruki wa mtaa wa Ng'ambo, yule aliyekuwa mpishi wa meli akapotea miaka kumi? Amerudi, na amefungua baa. Si baa kama hizi unazozijua. Anasema meli yao iliwahi kutia nanga kwenye visiwa vya mbali sana, upande wa pili wa dunia, ambako watu huwavika wageni mashada ya maua na kusimamisha vinyago vikubwa vyenye midomo wazi mbele ya nyumba zao. Alirudi na kalenda yenye picha za huko, na kwa kuitazama kalenda hiyo amejenga kisiwa chake hapa hapa Tabora, ambapo maji mengi ya karibu ni ya bwawa la Igombe. Ameezeka kwa majani ya mivumo, amefunga taa za kijani na nyekundu, na wahudumu wamevaa sketi za ukindu juu ya suruali zao. Jina la baa ni Visiwani.

Vinyago alimwagiza Masolwa wa Usoke, mchonga vinu. Masolwa naye hajawahi kuona sura za watu wa visiwa hivyo, akachonga sura anazozijua. Kinyago cha mlangoni ni balozi wetu wa nyumba kumi, mashavu yake yale yale, na mwenyewe balozi amekitazama wiki nzima bila kujitambua. Kile cha karibu na kaunta watu wanasema ni mama mkwe wa Masolwa. Nilicheka mpaka Koleta, yule rafiki yangu wa ushirikani, akanifinya ninyamaze.

Lakini kinachowavuta watu si vinyago. Mabruki alikuwa na wapigaji wanne, na mwimbaji wao akapata bendi Dar es Salaam akaondoka bila kuaga. Wakabaki gitaa, kodiani na tumba, hakuna sauti. Mabruki akaona asife njaa: akanunua karatasi za manila, akamwomba mwalimu Getruda aandike maneno ya nyimbo kwa herufi kubwa, zikatundikwa ukutani. Wapigaji wanapiga, na mteja yeyote anayetaka anasimama mbele, anashika kipaza sauti na kuimba akisoma ukutani, huku Getruda akimwonyesha neno kwa fimbo kama darasani. Mchezo wenyewe wameuita Imba Mwenyewe. Sasa huyo Getruda ndiye anayefundisha kisomo cha watu wazima pale Isevya, naye akaona hapa kuna faida. Akakubaliana na Mabruki kwamba kila Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili, pombe isiuzwe, ziuzwe juisi za mananasi na maandazi, na wanakisomo wake waje kujipima kwa nyimbo. Ndiyo maana mimi binti wa fundi Mussa nikathubutu kwenda. Baba nilimwambia naenda kwa Koleta kufuma, na hiyo ilikuwa nusu ya kweli, maana Koleta alikuwepo.

Dada, sijawahi kufurahi vile. Tulipoingia tukavishwa mashada ya maua ya karatasi shingoni. Juisi wanakuletea ndani ya nanasi lenyewe lililokombwa, na unakunywa kwa mrija wa bua. Balozi alikuwa wa kwanza kuimba. Aliimba mbio kuliko wapigaji, akamaliza wimbo wao wakiwa katikati, akarudi kukaa akidai kwamba wao ndio waliochelewa. Muuza tumbaku mmoja akaimba amefumba macho, Getruda akamgonga bega kwa fimbo akimwambia maneno yako ukutani, hayako ndani ya kope. Watu tulikuwa hoi kwa kicheko. Koleta, bila kuniuliza, akaenda akaandikisha jina langu.

Baada ya magharibi wakaingia wanakisomo, watu wazima kama kumi na wawili, wamepanga mstari. Getruda alikuwa amewategea. Wimbo aliowachagulia unapigwa kila siku mjini, ule wa mtu anayemngoja mpenzi wake stesheni, gari moshi linasimama, watu wanashuka, na mpenzi hakushuka. Kila mtu anaujua kwa moyo. Kwa hiyo Getruda alibadilisha maneno hapa na pale kwenye karatasi, ili anayeimba kwa kukariri akamatwe. Palipokuwa na mpenzi aliandika mwanangu. Wa kwanza akaimba mpenzi, ukumbi ukapiga kelele, akarudishwa. Wa pili vile vile. Wa tatu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kutetemesha vikombe, akakaribia kufaulu, lakini raha ya wimbo ikamchukua na yeye akaangukia kwa mpenzi.

Wa nne alikuwa Baba.

Nilidhani macho yangu yamezidiwa na taa za kijani. Alikuwa na kofia yake ya Ijumaa na kanzu aliyopigiwa pasi na mimi mwenyewe mchana, akiniambia anakwenda kucheza bao kwa Mzee Mfaume. Shingoni ana shada la maua mekundu. Nilijificha nyuma ya kinyago cha mama mkwe wa Masolwa. Baba alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akamwambia Getruda asimwonyeshe kwa fimbo. Akaanza polepole, neno kwa neno, wapigaji wakapunguza mwendo kumfuata. Hakukosea hata moja. Dada, sauti ya Baba unaikumbuka, ile ya kaswida za Maulidi? Ndiyo hiyo, imezeeka kidogo tu. Alipofika penye mtego akaimba kama ilivyoandikwa, gari limesimama, watu wameshuka, mwanangu hakushuka. Watu wakapiga makofi kwa sababu kaushinda mtego. Yeye alikuwa ameishia hapo. Alisimama anautazama ule mstari, wapigaji wakauzunguka mara mbili wakimngoja, na hakuweza kuendelea.

Mimi nilikuwa nalia na kupiga makofi kwa pamoja. Na kabla sijajifuta, Mabruki akasoma jina linalofuata: Maua binti Mussa. Nikatoka nyuma ya kinyago na shada langu shingoni. Baba aliniona. Nilingoja ardhi ipasuke. Yeye akanipa kipaza sauti, akasema kwa sauti ya chini kwamba niimbe vizuri, watu wanajua nimetoka nyumba gani, akaenda kukaa. Niliimba, Dada. Sikumbuki niliimba nini, ila nakumbuka vidole vya Baba vikigonga meza kwa mdundo.

Tulirudi pamoja kwa miguu, mashada yetu shingoni, tukicheka njia nzima. Nikamuuliza alianza lini. Akasema tangu baada ya Idi. Kila alasiri niliyodhani yuko kwenye bao alikuwa Isevya kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Hakutaka watu wajue mpaka aweze. Nikamuuliza ni nini kilichomsukuma mtu wa umri wake. Akajibu kwamba anachoka kungoja mpaka mimi nirudi kazini ndipo asikie barua zako. Anataka awe anazisoma mwenyewe, wakati wowote akikukumbuka. Tulipofika nyumbani akaniomba ufunguo wa kisanduku cha barua.

Dada, hapo furaha yote ilinikauka. Sasa nakuambia.

Sikuwahi kumsomea Baba barua zako kama zilivyo, na sikuwahi kukuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Mwaka ule wa kwanza ulipoandika kwamba Baba anapenda heshima yake kuliko mtoto wake, nilimsomea kwamba unaomba radhi na kwamba utakuja baada ya mavuno. Hukusema hivyo. Kila mwaka nilimwahidi upya, na kila mwaka baada ya mavuno alikuwa anakwenda stendi ya mabasi, anasema anaangalia bei ya misumari. Na aliponiambia nikuandikie kwamba hana binti huko kwenu Ziba, niliandika kwamba Baba anakusalimu na anakuombea dua. Salamu zote ulizopata kwa miaka minne zilikuwa zangu.

Bado halijaisha. Alipozaliwa mtoto ulimwandikia Baba kwamba pamoja na yote yaliyotokea, jina ni haki ya babu, na kwamba mnamngoja mpaka siku ya arobaini. Wiki ile Baba alikuwa amesema barua nyingine ikija kutoka Ziba ataitia motoni. Nikaificha chini kabisa ya kisanduku ili apoe kwanza. Siku zikawa zinakwisha, na mimi naogopa akikataa hutamsamehe kamwe. Nikakuandikia kwamba Baba amesema mtoto aitwe Yahaya. Nililichagua mimi, Dada, kwa sababu ni jina la marehemu baba mdogo, ambaye Baba alimpenda sana. Baadaye Baba akasikia kwa mfanyabiashara wa ng'ombe kwamba mjukuu wake anaitwa Yahaya, akaamini mmelichukua jina la ndugu yake bila hata kumuuliza. Siku ile hakula. Amelibeba jambo hilo miaka mitatu, na lilikuwa kosa langu.

Ufunguo nilimpa. Amesoma kwa jioni nne, kidole chini ya neno, na kwa kuwa msomaji mpya hajui kusoma kimoyomoyo, nimelala chumba cha pili nikisikia maneno yako yote kwa sauti yake, yale makali na yale ya kuomba. Jumanne akaifikia ile ya jina. Akaisoma mara mbili, kisha akaniita. Nikamweleza kila kitu huku nimepiga magoti. Aliniuliza nilikuwa na miaka mingapi wakati ule, nikasema kumi na saba. Akasema nimemnyang'anya siku moja ambayo hairudi, siku ya kumpa jina mjukuu wake wa kwanza, na hilo lazima alitamke. Halafu akasema pia kwamba wewe na yeye ni watu wazima, na mlimwachia mtoto kazi yenu. Akatoka nje, hakurudi mpaka swala ya isha.

Jana ameamka anagonga bati tangu alfajiri. Ametengeneza ndoo ya kukamulia, ina mkono imara, anasema ng'ombe mwekundu akiipiga teke ataumia yeye. Kuhusu jina, alisema yeye asingemwita Yahaya, maana kulitamka kunamuuma, angemwita Mfaume. Lakini mtoto wa miaka mitatu ameshazoea kugeuka akiitwa, basi libaki, ila lazima alisikie kinywani mwa babu yake. Amekata tiketi ya basi la Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 28. Mwambie shemeji asihangaike na mbuzi, Baba anasema atakula mnachokula.

Nisamehe Dada. Usiponisamehe mara moja nitaelewa, ila usinyamaze. Niandikie hata maneno makali, nami nitayasoma kama yalivyo. Barua hii Baba ameisoma yote kabla sijaifunga. Imemchukua asubuhi nzima, na hakuniambia nifute neno.

Msalimie shemeji Lugembe, mbusu Yahaya kwa niaba yangu, na wasalimie wakwe zako wote pale nyumbani. Koleta anakusalimu. Salamu za Baba sikuandikii safari hii. Amenikataza, anasema anazileta mwenyewe.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Maua Mussa