Naibu wa Chifu Asiye na Mume

Ishiara,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako mama mkwe wangu mpendwa, Cicily Karwirwa,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote. Natumaini kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepata nafuu, na kwamba siku hizi unakubali kuivaa ile sweta ya kijivu badala ya kuiweka ya kwendea kanisani. Huku sisi ni wazima wa mwili. Ndengu zimetoa maua, mbuzi wamezaa, na mjukuu wako mwenye jina lako ameng'oka meno mawili ya mbele na bado hanyamazi. Huyo ni wewe mtupu, Mama, usinikasirikie.

Barua hii inaletwa na dada yangu Peninah, anayekuja soko la Meru na magunia ya ndengu. Ningeweza kupiga simu, lakini najua swali lako la kwanza lingekuwa Mithika yuko wapi, na ningeikata. Kama mwanao ameshafika hapo nyumbani, tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kumwita. Kama hajafika, atafika. Aliondoka jana na sanduku lake la spana, na fundi wa pikipiki akibeba spana zote ujue hakwenda kutembea.

Wacha nianze vizuri. Nilipokuambia nimepata kazi ya naibu wa chifu huku kwetu, ulipiga vigelegele mpaka simu ikanguruma. Kabla sijapewa hata sare, Munyi, aliyekuwa wa pili kwenye usaili, akaenda kortini Embu. Hakusema kwamba sijasoma. Alisema kazi hiyo ni ya mkaaji wa hapa, na mimi nimeolewa na mtu wa Meru, kwa hiyo kwangu ni Meru, niende nikaombe kazi huko. Wee! Mimi niliyezaliwa hapa, nikajenga hapa kwenye shamba alilonigawia baba, naitwa mgeni na mtu tuliyechota naye maji mto mmoja! Nilichemka, Mama. Kazi ikasimamishwa mpaka kesi iishe.

Nikachukua wakili, kijana anayeitwa Kivuti, anayeongea kama anakimbizwa. Akaniambia kuna njia mbili. Ya kwanza, nikubali kwamba nimeolewa, halafu nionyeshe kwamba mimi na Mithika tunaishi Ishiara, tunalima Ishiara, mtoto anasoma Ishiara, na mwanamke ni mkaaji wa mahali anapokaa hata kama bwana wake ametoka kwingine. Hiyo, akasema, ni kesi ndefu na jaji anaweza kuamua vyovyote. Ya pili ilikuwa fupi. Akaniuliza kama mahari ilikamilika.

Unajua ilivyokuwa. Wazee wenu walikuja mara moja kubisha hodi, wakanywa uji, wakaahidi kurudi na asali na kondoo. Kabla hawajarudi mzee wako akafariki, Mungu amlaze pema, na baada ya matanga hakuna aliyekuwa na nguvu za kuanza upya. Sikuwalaumu. Watu waliniita mke wa Mithika nami nikaitika. Lakini kwa desturi, bila ile asali na kondoo msichana bado ni wa baba yake. Kivuti alifurahi sana. Akasema basi hujaolewa, kesi imekwisha.

Kaka yangu Ndwiga, ambaye tangu baba afe ndiye mkubwa wa boma, akala kiapo kwamba familia haijaniozesha mimi, Jedidah, kwa mtu yeyote. Nami nikaapa hivyo hivyo. Mithika nilimwambia ni maneno ya korti tu, yataishia huko. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu aache mambo mengi, kwani tunataka mshahara ama hatutaki? Ulimi wangu unaujua.

Sasa nifike pale panaponiuma. Siku ya kusikizwa, wakili wa Munyi hakuuliza habari za mahari. Aliniuliza mtoto wangu anaitwa nani. Nikasema Karwirwa. Akauliza kama si desturi yetu binti wa kwanza kupewa jina la mama ya baba yake, na kama mtoto wa msichana asiyeolewa hapewi jina la upande wa mama. Akasema mama yangu mzazi ni Wambeti, mbona mtoto si Wambeti? Mithika alikuwa ameketi nyuma, amevaa koti lake la kanisa. Niliona kazi inaniponyoka. Nikamwambia jaji kwamba jina hilo si la mtu yeyote ninayemjua, nililisikia mahali nikalipenda.

Ndiyo, Mama. Nililisikia mahali. Wewe uliyekuja kuniuguza nilipojifungua, ukanipikia uji wa wimbi na kufua nepi kwa mikono iliyovimba, nilikukana mbele ya watu. Nina aibu hata ya kumwita mtoto kwa sauti.

Nilishinda. Ijumaa jaji alisoma hukumu kwamba hakuna ndoa iliyothibitishwa. Ndwiga akatununulia soda, Mithika hakunywa. Tangu siku ya lile jibu alikuwa akingoja nimwombe msamaha, nami sikumwomba. Jana akaniambia kwamba ikiwa serikali imeandika sina mume, basi yeye ni mgeni tu kwenye shamba la akina Ndwiga, na mgeni huenda kwao. Akamwambia mtoto anaenda kumwona yule Karwirwa mwingine.

Munyi naye amekata rufaa. Kivuti ameniapia kwamba mpaka isikizwe, asionekane mtu wa Meru akiingia kwetu hata na kuku, la sivyo kazi imekwenda na lile jibu la uongo litanirudia mimi.

Leo asubuhi nimempigia Kivuti simu, Jumapili hivyo hivyo, nikamwambia tutashika ile njia ndefu. Nitasema nimeolewa, nitasema naishi hapa, na nitasema nilidanganya juu ya jina. Wakiichukua kazi, waichukue. Naitaka, Mama, sitakuficha, naitaka mpaka nalia. Lakini sitaikalia mwanao akiwa mgeni kwangu.

Kwa hiyo nakuomba, uwatume wazee. Asali isiwe nyingi, kondoo awe hata mmoja aliyekonda. Ndwiga mniachie mimi. Tafadhali wasipite njia ya nyuma. Wapite sokoni, siku ya soko, mchana, mbele ya duka la Munyi, na akiwauliza wanaenda wapi, wamwambie wanaenda kwa akina Jedidah kumaliza mahari.

Wasalimu majirani wote, na umwambie Mithika pikipiki ya mwalimu Runji bado imelala hapa uani, inamngoja. Mungu akulinde.

Mkaza mwanao,
Jedidah