Baba anajua nitampasua mimi

Mpendwa Shangazi wa gazeti, naomba msaada wa haraka maana Alhamisi baba yangu anapasuliwa ngiri, na kabla ya shida niseme kwanza kwamba nina furaha ya kupitiliza, nimerudi kutoka masomoni ng'ambo, nimepata kazi hospitali kubwa ya mji wetu, na kila asubuhi naingia kazini nikipiga mluzi mpaka wauguzi wananiuliza kama nimepata mchumba. Mimi ni daktari wa usingizi, ndiye ninayemlaza mgonjwa kabla hajapasuliwa, nalinda pumzi na mapigo ya moyo wake muda wote, kisha namwamsha, na Shangazi, mtu mzima anatetemeka, anakushika mkono, anaanza kukusimulia habari za mbuzi wake, na kabla mbuzi hajafika popote kashalala fofofo, kazi gani tamu kama hiyo?

Sasa, baba anajua mimi ni daktari wa upasuaji. Ndicho nilichoendea, ila katikati ya masomo nilimwona daktari wa usingizi akiwa kazini nikapagawa, nikahamia huko, na baba akipiga simu kuniuliza, "Leo umeingia chumba cha upasuaji?" namjibu, "Nimeingia, baba," na kweli nilikuwa nimeingia. Yeye ni fundi cherehani, na mtaa mzima umeshasikia kwamba ukoo wetu una mkono wa mkasi, yeye anakata vitambaa na mwanawe anakata watu, amenishonea hata joho la kijani lililodariziwa "Mpasuaji Mkuu" kifuani, nikalivaa sebuleni tukapigwa picha. Ngiri hiyo kaikalia miaka hataki kusikia habari za kisu, mpaka niliporudi akasema, "Kwa mwanangu, nakubali." Atakayempasua ni dada mmoja mwenzangu, hodari kweli, na siku alipompima, baba alidhani ni msaidizi wangu, akamwagiza anishikie taa vizuri. Mimi nitamlaza tu, mkuu wetu ameniruhusu na atasimama pembeni yangu. Mama anajua yote, anasema, "Nyamaza mwanangu, si atakuwa amelala?" Nikimwambia baba ataghairi, na ngiri yake ikijibana inaweza kumuua. Nifanyeje?

Ni mimi, Mlaza Watu.

Mwanangu Mlaza Watu,

Nimecheka mpaka miwani ikanidondoka, halafu nikaiokota nikakasirika. Hongera kwa kazi yako, furaha yako imenifikia mpaka huku ofisini. Lakini hilo la kunyamaza lifute kabisa, na mama yako mwambie ni mimi niliyesema, kwa heshima zote. Baba yako ametoa ruhusa ya mwili wake kwa mtu mmoja anayemjua. Huwezi kuichukua ruhusa hiyo ukampa mwingine kwa kuwa mwenyewe amefumba macho. Kazi yako yote ni kuaminiwa na watu wasioweza kujitetea, sasa unaanza kwa kumzunguka mzee wako? Na ile ya "nimeingia chumba cha upasuaji" usinitajie. Hata anayepiga deki huingia.

Nenda leo. Subiri wateja waondoke, avue ile tepu ya kupimia shingoni, ukae naye. Usianze na mama kasema, usianze na ng'ambo kulikuwa hivi. Sema wewe ni daktari wa nini na tangu lini umemficha. Atanuna, mwache anune, ana haki hiyo. Kesho mpeleke dada mpasuaji nyumbani, safari hii kwa cheo chake, mzee amhoji mpaka achoke.

Akikuuliza kwa nini basi akubali, mwambie hivi: "Baba, anayekata akimaliza atanawa mikono aende zake. Mimi nitakaa kichwani pako tangu unapofumba macho, nikilinda kila pumzi yako, mpaka uyafumbue." Ukishasema hayo, nyamaza. Akichelewa kujibu, usimjazie jibu. Akikataa, ni mwili wake, utarudi kumbembeleza bila uongo. Na akikubali, mwanangu, hapo ndipo utakuwa daktari wake.