Fungate ya Siku Tatu

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa, na mwani wako hapo Kibuyuni haujachukuliwa na mawimbi. Mimi mwili u mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio mgonjwa. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Ujumbe wa mke wangu Mwanasha nimeupata. Anataka talaka yake, na wewe unasema hana shukrani. Usimnunie, mama. Ngoja nikueleze lililonipata kazini.

Sisi huunga mabomba ya maji ya plastiki. Ncha mbili huchomwa kwa sahani ya moto hadi zilainike, kisha hugandamizwa pamoja. Juzi nilikuwa na haraka, nikazitoa motoni mapema. Kwa nje kiungo kilipendeza. Maji yalipofunguliwa, bomba likaachana pale pale nilipounga.

Fundi mkuu wetu, Mwarabu aliyezaliwa Unguja, akanionyesha zile ncha, kila moja na uso wake laini.

"Plastiki ni nyuzi ndefu, bwana mdogo, hazionekani kwa macho," akasema. "Zimetatizana kama mshipi wa kuvulia. Zikipata moto hutambaa, kila uzi ukijipenyeza baina ya wenziwe, mpaka ukavukia ncha ya pili ukatatizana na wa huko. Uzi mfupi huwahi. Mrefu hutaka muda. Wewe hukuunga, umegusanisha tu."

Wenzangu walicheka. Mimi nililia, mama, mwanamume mzima na ndevu zangu. Nilikumbuka ulivyonishika mkono siku ya tatu ya ndoa yangu, ukaniambia, "Mwanangu, fungate ni siku saba, haikatizwi." Nikakucheka, nikasema mkataba wa kazi hausubiri, nikaja huku Maskati. Haraka haraka haina baraka, nami nikadhani wanasemwa wengine.

Miaka minne sasa. Mwanasha amekaa kwako akifunga mwani, akimngoja mtu aliyemjua siku tatu. Kwenye simu tulisalimiana, tukaulizana hali, tukaagana. Kosa si lake.

Nampenda, wala sitamfunga. Karatasi ya talaka imo humu. Mpe kwa mkono wako, bila maneno makali.

Nisalimie shangazi muuza mihogo, na mwalimu wangu wa madrasa umwambie aniombee dua.

Na kabla Mwanasha hajarudi kwao Majoreni, mpikie chakula anachokipenda. Wewe unakijua, mama. Mimi mumewe sikijui.

Mwanao,
Hamisi