Mama Janefer Nyabate na Kaseti Iliyobaki

Umetimia mwaka mmoja tangu ututoke, Mama, na hatujazoea.

Huku Mogogosiek wengi walikujua kama mchumaji wa chai. Mgeni akibaki nyuma kwenye mstari, ulirudi ukamsaidia kujaza kikapu, ukimwimbia ili asilie. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ujanani, kila mwisho wa mwezi, ulipanda jukwaani katika holi ya kambi ya wafanyakazi ukaimba jazi na bendi ya vijana wa Chepseon. Redioni waliitaja bendi, wakamsifu na mpiga gitaa. Jina lako hawakulitaja hata siku moja. Wewe ulisema tu, "Si wimbo wamecheza? Basi." Sisi ilituuma, na bado inatuuma.

Waimbaji wengine walikimbilia mdundo. Wewe uliuacha upite kwanza. Bendi ilipiga, ikanyamaza kukungoja, nawe ukasimama kimya hadi watu wakadhani umesahau maneno. Kisha uliingia polepole, kwa ile sauti nzito yenye mkwaruzo, na wanywaji wakaweka chupa chini. Hata kanisani uliimba hivyo. Mwalimu wa kwaya, Mageto, alilalamika: "Mama Mokeira, unatuchelewesha."

"Nyinyi tangulieni," ulimjibu. "Nitawapata huko mbele."

Sasa tukwambie lililotupata, na tafadhali usimkasirikie Zack. Sauti yako imebaki kwenye kaseti moja tu. Ukungu wa huku uliipata ikaota kuvu. Zack, kitindamimba wako, akaibeba hadi kiwandani anakofanya kazi, akaiacha kwenye chumba cha kunyaushia majani, penye hewa moto, ikauke. Ilirudi imepinda.

"Si majani inakaukanga hapo poa?" alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilidhani nasaidia."

Fundi wa redio, Onchiri, ameitoa tepu yenyewe na kuihamishia kwenye ganda la kaseti nyingine. Alimwambia binti yako Mokeira, "Hii kitu imechoka sana, dada. Labda icheze mara moja. Ikikatika, usinilaumu."

Tangu hapo Mokeira hana raha. Anaogopa tepu itakatika. Na kuna hofu kubwa zaidi, ambayo hajamwambia mtu nje ya nyumba hii: ameanza kuisahau sauti yako. Akiwa shambani akichuma chai hujaribu kuisikia kichwani, na inayokuja ni yake mwenyewe. Maneno ya wimbo anayo yote. Mkwaruzo ule ndio haupati tena.

Zack alitaka Onchiri aicheze pale dukani na kuirekodi, yaishe. Mzee Nyagaka, mume wako, akakataa. "Kama ni mara moja," alisema, "acha asikike akiwa na watu wake." Tukakubaliana naye.

Kwa hivyo Jumamosi hii, baada ya ibada nyumbani, tutaicheza mbele ya wote waliowahi kucheza muziki wako, na simu zitakuwa zinarekodi. Wimbo unaanza na gitaa, halafu ngoma, halafu bendi inanyamaza kukungoja. Mokeira anapaogopa hapo kuliko pengine popote. Katika kimya hicho hataweza kujua kama ni wewe unachelewa au ni tepu imekatika. Ameshatuomba mtu yeyote asimshike mkono, kwa sababu anataka kusikiliza.

Tunaogopa pamoja naye, Mama. Tulikuzika tukidhani tumeshapoteza kila kitu, kumbe kulikuwa bado na hiki.

Unakumbukwa na mume wako Mzee Nyagaka, watoto wako Mokeira na Zack, mkwe wako Judy, wajukuu, wanakwaya, na wachumaji wenzako. Safari hii umetangulia wewe, nasi ndio tutakupata huko mbele. Siku zote utakuwa moyoni mwetu.

Chelewa kama kawaida yako, Mama. Lakini ingia.