Waya Mweusi na Marahaba ya Mama

Jumapili. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua imekataa kushuka.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha waya wangu mweusi, kilichotokea jana alasiri katikati ya wimbo wa tatu. Marehemu ameacha kimashine kimoja cha kurudia sauti, fidla moja, na mzee mmoja wa miaka hamsini na mbili.

Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu ukumbini, na wakanionea huruma.

Kwa mgeni wa blogu hii: miaka ishirini nilipiga fidla katika kikundi cha taarab, nimejificha nyuma ya wenzangu. Sasa nnapiga peke yangu. Nnarikodi milango, friji, kinu, mvua kwenye bati, halafu naviimbia. Wenzangu wa zamani huniuliza friji langu litatoa lini albamu yake. Albamu yangu ya kwanza waliisikiliza jamaa zangu, kwa adabu. Hii ya pili nnayoiandaa sasa nimetaka iwe ya kweli.

Ya kweli!

Wimbo wa tatu ni wa mama. Mwaka mmoja kabla hajafariki nilimrikodi uani kwake, mtaa wa Mpendae, akikuna nazi. Nnamwita, naye anaitika "Naam". Hata sisi watoto wake alituitikia hivyo, ili tujifunze. Katika wimbo nafanya vilevile: mimi naita, mashine inaitika kwa sauti yake.

Jana dada yangu Zuwena alikuja kunisikiliza kwa mara ya kwanza. Muziki wangu huuita fujo za fundi bomba. Mama alipofariki, yeye alikuwa Pemba, akafika maziko yameshapita. Habari ya wimbo huu sikumwambia. Nilitaka kumfurahisha ghafla.

Nikaita. Mama akaitika.

Zuwena akasimama pale mstari wa pili wa viti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeingia nyumbani, "Shikamoo, mama."

"Naam," ikajibu mashine. "Naam. Naam."

Dada akabaki amesimama, akisubiri marahaba. Ukumbi mzima ukasubiri naye.

Waya haukufa. Niliuchomoa mimi.

Tulipotoka nje hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Marahaba yake huna?"

Nikamwambia sina.

Ninayo. Siku ile nilipoingia uani nilimwamkia mama kwanza, kama kawaida, na simu ilikuwa tayari inarikodi. Ni marahaba ndefu, ina kikohozi katikati, na nyuma yake dua ya kutuombea watoto wake wote, Zuwena kwa jina. Niliikata kwa sababu haikukaa kwenye mapigo. Mtu mzima na mvi zangu, nikakaa kumchagua mama kipande kinachonifaa.

Kesho asubuhi nnakwenda Mpendae, kwenye nyumba ile ile ya mama anakokaa dada sasa, na rikodi nzima, bila fidla. Nitamwambia nilimdanganya. Akitaka kuisikiliza peke yake, nitatoka nikakae barazani.

Wimbo utanyamaza mpaka yeye aseme.