Ulisema Usizime

Kwa Baba yangu uliyetangulia,

Shikamoo. Nimechanganyikiwa, na wa kumuuliza ni wewe tu.

Unakumbuka ulivyorudi nyumbani kwetu mtaa wa Gerezani kutoka karakana ya reli, unanuka mkojo wa punda? Mama akakuzuia mlangoni. Ukacheka, ukanieleza kuwa mzungu wenu anafungia chuma kwenye sanduku, anakipitishia hewa yenye harufu hiyo, anakipasha moto siku mbili, nacho kinaota ngozi ngumu huku ndani kikibaki laini. Hewa ile hatukuwa nayo. Tukaokota kwato na pembe machinjioni, tukazisaga, tukazika pini ya chuma humo, tukaziba sanduku kwa udongo na kuliweka motoni kwenye kiwanda chetu cha kufua majembe. Majirani walitutukana kwa ule uvundo.

Hukuiona ikitoka. Homa ilikulaza, na alfajiri ile, mimi na Mama tukiwa kando ya kitanda, ulisema neno moja: "Usizime." Ukakata roho.

Nilidhani ni moto wa kiwanda chetu, nikaapa sitauzima. Ile pini nikaitoa baada ya maziko, ingali nyekundu, nikaizima kwenye ndoo ya maji kama tunavyozima majembe. Ikapasuka. Miaka mitatu sasa karakana wananiita kazini, nakataa, wanangu wanakula muhogo mtupu, kwa sababu ya neno lako.

Juzi akaja mwenzako wa karakana, Ratilal, akaiokota ile pini. "Hii haizimwi, bwana. Hii unaacha ipoe yenyewe humo humo."

Kumbe ulisema pini! Neno moja, nimelitii pasipohusika, nikalivunja palipohusika. Nilikukasirikia, Baba, wallahi. Nikamwambia Mama nafunga kiwanda, naenda reli.

Mama akaacha kumenya muhogo. "Nani kakwambia alikuwa anasema nawe?"

"Alikuwa anasema na nani?"

"Na mimi. Kulikuwa kunakucha, nikanyoosha mkono nizime taa. Baba yako alikuwa anaogopa."

Jumatatu naanza karakana, na sijui kama nafanya sawa. Sikuwahi kufikiri wewe unaweza kuogopa kitu. Nilisimama pale nawaza chuma, nawe uko hatua moja kutoka kwangu. Ningejua, ningekushika mkono.

Nisamehe, ulale salama.

Mwanao wa kwanza